Pasi ya Dokta Macho

Nianze na huyu Dokta Macho, maana bila yeye nisingefungiwa na maiti mchana kweupe.

Dokta Macho si jina lake. Jina lake halisi ni la huko walikoitengeneza hiyo tamthilia, halitamkiki, na hao waliotia sauti za Kiswahili kila mmoja analitamka kivyake. Watu wa huku milimani wakaona isiwe taabu. Kwa kuwa kutwa kavaa barakoa na kinachoonekana ni macho tu, tena macho makubwa yanayolengwalengwa na machozi, wakamwita Dokta Macho. Anaonyeshwa kila jioni kwenye kibanda cha video cha Mjomba Abdulswamad, paneli ya sola juu ya bati, mabenchi ya miti ndani, na hata kina mama waliotoka kushusha ndizi gulioni hawafiki nyumbani kabla hawajamwona.

Mimi ni daktari wa kweli. Naitwa Mwanvita, mzaliwa wa Kichangani, Morogoro mjini, na kituo chetu cha afya kiko huku juu ya Kinole, pale barabara inapochoka. Kwenye kibanda kile nimekwenda mara moja tu, nikatoka na hasira zangu. Mtu ana hospitali yenye lifti, ana wauguzi kama siafu, na kazi yake ni kukimbia kwenye korido na kupendana na daktari mwenzake kwenye ngazi. Haandiki kitu. Hatafuti glovu. Haulizi kama maji yametoka. Hana foleni ya wagonjwa wa nje, wala hakuna bibi anayemshika mkono na kumwambia, mwanangu, hivi vidonge sivitaki, nipe ya kuchoma. Na anavyokimbia! Huku kwetu daktari ukikimbia hatua chache tu, ndugu waliokaa kwenye nyasi wanaanza kulia. Mimi nimejifunza kutembea taratibu hata pale moyo unaponienda mbio.

Yote hayo ningemsamehe. Nisilomsamehe ni pasi.

Mgonjwa amekata roho. Kwenye kioo mstari umenyooka, mashine inalia piiii. Dokta Macho anashika vile vyuma viwili vyenye vishikio, ambavyo watu wa huku wameviita pasi kwa sababu kwa kweli vinafanana na pasi, anavisuguanisha, anapiga kelele, "Kaa mbali!" Anambandika mtu kifuani, mtu anaruka juu ya kitanda, anakohoa, anauliza niko wapi. Kibanda kizima makofi.

Siku ile nilisimama nikawaambia. Nikasema, jamani, mashine hiyo ipo kweli, sisi hatuna lakini ipo, ila kazi yake siyo hiyo. Ni ya moyo uliochanganyikiwa, unaotetemeka ovyo, inaushtua ili urudi kwenye mwendo wake. Moyo uliokwisha kunyamaza haurudishwi na umeme. Mstari ukishanyooka hivyo, hata umpige mtu umeme wote wa bwawa la Kidatu, haamki.

"Wivu huo, dokta," alisema Mjomba Abdulswamad kutoka kule nyuma anakokaa na rimoti yake.

Watu walicheka mpaka benchi moja likakatika. Nami nilicheka, kwa nini niseme uongo. Mjomba yule ni mtu wa maneno, tena mtu anayeheshimika, mkubwa wa lukolo yao, yaani ukoo wa upande wa mama, na huku kwetu upande wa mama ndio ukoo wenyewe.

Sasa nisikilize.

Ilikuwa masika, mvua ya siku ya ngapi sijui, mlima wote unatiririka. Mwaisha aliletwa alfajiri na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Msichana mwembamba, mpole, akiumwa anauma kanga badala ya kupiga kelele. Kufika adhuhuri kichwa cha mtoto kilikuwa hakijashuka, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameanza kusuasua. Hapo hakuna mjadala. Ni kupasua, na ni kupasua sasa hivi.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka na mgonjwa mwingine, limekwama kwenye tope kabla ya Mkuyuni. Daktari mwenzangu, Ezekiel, yuko semina Dodoma. Nilikuwa na Stefano, mtaalamu wa usingizi, na Grace, muuguzi mkunga aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, mchapakazi kweli kweli. Basi. Hiyo ndiyo timu nzima, hakuna wa kupendana naye kwenye ngazi, na ngazi zenyewe hatuna.

"Mume wangu anakuja," Mwaisha aliniambia tulipokuwa tunamlaza kwenye meza ya upasuaji. "Kibwana amepiga simu. Amepewa pikipiki na mjomba wake, yuko njiani."

"Atamkuta mwanawe," nikamjibu. Nilikuwa nimeshavaa, Stefano anatayarisha sindano ya ganzi ya mgongo, ndipo tukasikia watu barazani.

Walikuwa wamembeba mtu kwenye godoro lililofungwa kwenye mianzi miwili, wote matope mpaka viunoni. Nikamwambia Stefano asichome kwanza, namwangalia huyu mara moja narudi. Wakamwingiza chumba cha dharura, hatua chache tu kutoka chumba cha upasuaji, ng'ambo ya baraza. Nilimfunua uso. Alikuwa Kibwana. Pikipiki ilimshinda kwenye mteremko, ikamtupa kwenye mawe ya mto, shingo imevunjika. Mikono ilikuwa imeshapoa. Nilitafuta mapigo shingoni, nikasikiliza kifua, nikamulika macho. Hakuna kitu. Alikufa kule kule mtoni, waliombeba walibeba maiti bila kujua.

Nilimfunika. Nikawaza mambo mawili tu: Mwaisha asijue mpaka nimalize kumshona, na mjomba wake Kibwana, yule yule Abdulswamad wa kibanda cha video, aambiwe kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Hapo wageni huwa wanakosea. Kwenye tamthilia ndugu anaambiwa habari ya kifo kwenye korido, yule aliye karibu ndiye anayeambiwa, analia kidogo, muziki unapigwa, basi. Kwetu Waluguru mtu hafi kienyeji hivyo. Mtoto ni wa lukolo ya mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba umezaa, umelea, unapendwa, lakini kwenye lukolo ya mwanao wewe ni mtu wa kuja. Kifo anapelekewa mjomba, mjomba ndiye anayetoa Innalillahi, ndipo wengine wanaruhusiwa kulia.

Nikafungua mlango nimtume mtu akamtafute Mjomba Abdulswamad. Nikachelewa. Grace alikuwa barazani, ameshikwa mkono na Mzee Hamisi, baba yake Kibwana, anamuuliza, "Mwanangu, kijana wangu vipi?" Na Grace, kwao baba ndiye baba, alimwinamia yule mzee kwa huruma zote akamwambia. Mzee alipiga ukelele nisioutaka kuusikia tena. Wakati huo huo Mjomba Abdulswamad ndiyo kwanza anaingia getini, kwa miguu, amelowa chapachapa, viatu mkononi. Habari ya mpwa wake akaipokea kutoka kwenye kilio cha shemeji yake.

Nikasema moyoni, Grace, umetumaliza.

Mjomba hakulia. Alipanda barazani polepole, akaja hadi nilipo.

"Nani kasema amekufa?"

"Mjomba, shikamoo. Pole sana. Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Marahaba. Nimeuliza, nani kasema?"

"Mimi ndiye niliyempima. Alikuwa amefariki kabla hajafika hapa."

"Mimi sijaambiwa," alisema. "Mimi sijaambiwa, kwa hiyo hajafa. Mmempiga pasi?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamtazama usoni nione kama ni mzaha, maana ni mtu wa mizaha. Haukuwa mzaha. Macho yake yalikuwa yanarukaruka kama ya mtu aliyezinduliwa usingizini.

"Mjomba, pasi hatuna. Na hata tungekuwa nayo..."

"Mmempiga au hamjampiga?"

"Hatujampiga."

"Basi mpige." Akanisukuma ndani. Siyo kwa nguvu, kwa kiganja tu begani, kama unavyomrudisha mtoto ndani mvua ikinyesha. Nilirudi kinyumenyume kwa mshangao, mlango ukavutwa, nikasikia kufuli linafungwa. Kufuli lenyewe letu, la kituo, na aliyelitoa ni Hassani, mlinzi wetu, anayekula ugali na mimi. Kumbe naye ni wa lukolo hiyo hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa.

"Hassani!" nikapiga kelele. "Hassani we! Fungua mlango!"

"Dokta, nisamehe," alijibu nje. "Huyu ni mjomba wangu. Mpige tu pasi mara moja, yaishe."

Chumba kile kina mlango mmoja na dirisha moja lenye nondo. Simu niliiacha kwenye koti, chumba cha upasuaji. Nilipiga mlango kwa ngumi, nikaupiga teke, nikaumia dole gumba. Kule nje walikuwa wanaume kama kumi na tano wa ukoo mmoja, wengine bado wameshika mianzi. Nilikwenda dirishani, nikashika nondo kama mfungwa wa Kingolwira. Mjomba alikuwa amesimama pale, uso wake na wangu zinakaribiana.

Nilianza kwa adabu. Hata mtu akikufungia, mkubwa ni mkubwa.

"Mjomba wangu, nakuomba nisikilize. Kule chumba cha upasuaji yuko Mwaisha, mkwe wako. Mtoto tumboni anachoka. Nisipomtoa sasa hivi atakufa. Nifungulie nimtoe, nikimaliza nitarudi, utakalo nitafanya."

"Ukitoka hurudi."

"Wallahi nitarudi."

"Mbona mkitoka huwa hamrudi? Mnasema narudi, mtu anakaa kwenye benchi mpaka jioni." Na hapo, Mungu anisamehe, alisema kweli. "Dokta Macho haachi mtu bila pasi. Hata yule jambazi alimpiga pasi. Mpwa wangu ni mbaya kuliko jambazi?"

"Dokta Macho ni mwigizaji!" Hasira zikanipanda, adabu ikaenda zake. "Analipwa kuigiza! Wale wagonjwa wake wazima wa afya, wakimaliza wanakwenda kunywa chai! Kibwana kavunjika shingo, mjomba, shingo! Mimi nikuambie mara ngapi?"

"Punguza sauti. Unaongea na nani hivyo?"

"Nisamehe. Lakini huyo mtoto wa Mwaisha ni damu ya Kibwana. Ni yeye huyo huyo Kibwana amebaki mle ndani. Unataka umpoteze na huyo?"

Nilidhani nimempata. Yeyote mwingine ningempata. Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Mama yako ni Mluguru, dokta, unajua," alisema. "Mtoto ana lukolo yake. Wajomba zake waje wamsemee. Wangu mimi ni huyu hapa, umemfunika shuka."

Unajua? Mimi mwenyewe nimelelewa na wajomba, wajomba ndio walionisomesha, hakuna aliyewahi kunifaa kuliko wao, na siku ile niliutamani ukuta wa ukoo ule uanguke wote. Hakuwa anasema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza mpaka wake, kama mtu anavyokuonyesha mpaka wa shamba.

Grace alitokea barazani, akajipenyeza kati ya wale wanaume hadi dirishani. Kofia ya upasuaji imemwenda upande.

"Dokta, mapigo yameshuka. Nimemgeuza ubavu, nimempa oksijeni. Yanapanda kidogo, yanashuka tena."

"Mwaisha anajua?"

"Hajui. Anasikia kelele tu. Anauliza kama Kibwana kafika." Akashika nondo. "Dokta, ni mimi niliyesema. Nilidhani baba..."

"Achana na hilo. Rudi kwake. Mwambie Stefano awe tayari, nikiingia tu achome."

"Utaingiaje?"

Nikamwashiria aende tu. Alikwenda. Mjomba aliwaashiria wenzake wasogee, akaegemeza paji la uso kwenye nondo, akaongea kwa sauti ya chini ambayo wale wengine hawakuisikia.

"Pikipiki ni yangu," alisema. "Breki ya nyuma ilikuwa mbovu. Nilijua. Nikamwambia chukua, wahi, mkeo anajifungua. Sikumwambia breki. Dokta, mimi nikisema Innalillahi, nimemuua. Nipe kitu. Usinitoe hapa mikono mitupu."

Nilimhurumia na nikamchukia kwa wakati mmoja. Ningekuwa na muda ningekaa naye, ningemshika mkono, tungelia pamoja, maana hiyo nayo ni kazi yangu, na Dokta Macho hajawahi kuifanya hata siku moja. Muda sikuwa nao. Nilimtazama Kibwana chini ya shuka, nikatazama chumba. Niliona ile mashine ya oksijeni ya akiba kwenye kona, ile inayonguruma ukiiwasha. Niliona trei mbili ndogo za chuma za kuwekea mikasi.

Nikasema, "Sawa."

"Sawa nini?"

"Nampiga pasi."

Mjomba alishusha pumzi ndefu. Barazani wakaanza kuambiana, anampiga, anampiga pasi, na wote wakajazana dirishani mpaka chumba kikaingia giza.

Nilimfunua Kibwana hadi kiunoni. Nilimwomba radhi kimoyomoyo, kwa jina lake. Nilivuta mashine karibu na kitanda, nikaichomeka, nikaiwasha. Ilipiga piii, kama kawaida yake inapoamka, ikaanza kunguruma, na dirishani mtu akasema, "Hiyo hiyo!" Nikachukua zile trei, moja kila mkono, nikazisuguanisha. Sikufikiri. Mikono ilikuwa inajua, kumbe ile jioni moja kibandani nilikuwa nimejifunza somo zima.

"Kaa mbali!" nikapiga kelele.

Mtume! Wote walirudi nyuma. Wanaume wazima wakakanyagana miguu, mmoja akateleza kwenye tope chini ya baraza. Nilimbandika Kibwana zile trei kifuani na kwa uzito wangu wote nikamsukuma, kitanda kikadunda, mwili ukaruka. Kichwa chake kikalegea upande wangu.

"Tena!" alilia Mjomba.

Nilimpiga tena. Nikampiga na ya tatu, maana Dokta Macho hupiga tatu. Halafu nikaweka trei chini, nikainua macho kwenye saa ya ukutani, saa iliyokwisha betri tangu Ramadhani, nikataja saa ya kifo kwa sauti ya huzuni, taratibu, ile ile sauti ya waliotia Kiswahili. Nikasema, "Mjomba, nakuarifu wewe wa kwanza. Tumejitahidi. Mungu amemchukua."

Mjomba Abdulswamad akasema Innalillahi wainna ilaihi rajiun, na baraza zima likaitikia, na wanawake waliokuwa kwenye nyasi wakaachia kilio.

Kufuli likafunguliwa. Nilitoka mbio, na ndipo wakanishika. Walinishika kunishukuru! Huyu ananipa mkono, yule ananibusu kiganja, bibi mmoja amenikumbatia shingoni, "Ahsante mwanangu, umempigania, tumeona kwa macho yetu, umempiga pasi mara tatu, ahsante." Nikasema sawa bibi, sawa mama, nipisheni, na kila ninapojinasua mkono mwingine unanidaka. Mjomba mwenyewe alinishika mabega yote mawili, machozi yanamtiririka sasa, akasema, "Mungu akulipe. Nilikuwa sijui kwamba mnayo." Nilimwondoa mikono. Sijawahi kumwondoa mtu mzima mikono hivyo maishani mwangu.

Chumba cha upasuaji. Nilinawa, Stefano akachoma sindano ya mgongo, Grace akanivalisha glovu. Tulitundika kitambaa kifuani kwa Mwaisha ili asione tumbo lake. Stefano alimfinya mguu, Mwaisha akasema hasikii.

"Kibwana kafika?" aliniuliza.

"Tulia kwanza, mama. Tumtoe mtoto."

"Nani amefariki? Nimesikia Innalillahi."

"Mgonjwa," alijibu Stefano haraka. "Aliletwa kutoka juu."

"Masikini," alisema Mwaisha.

Nilipasua. Maji ya uzazi yalitoka ya kijani, mazito. Nilimshika mtoto kichwa, nikamtoa, nikakata kitovu. Alikuwa wa kike. Alining'inia mikononi mwangu kama kitambaa kilicholowa. Nikampa Grace, Grace akamlaza kwenye meza ndogo ya pembeni, akamkausha, akamsugua mgongo, akamfyonza uchafu kooni kwa mpira, akamwekea kile kinyago kidogo cha mfuko wa hewa, akaanza kumpulizia. Puliza, sikiliza. Puliza, sikiliza. Upande wangu, kondo la nyuma la Mwaisha lilikuwa limetoka, damu inakuja, mfuko wa uzazi uko wazi. Daktari mwingine hakuna. Nikiacha kushona nikimbilie kwa mtoto, mama anavuja na kuisha pale pale juu ya meza. Nikashona. Sijawahi kushona huku nimegeuza shingo hivyo.

Kwenye tamthilia mtoto hulia. Utasikia muziki kwanza, halafu kimya, halafu analia, na Dokta Macho anafumba macho yake makubwa. Mimi nilikuwa nasikia ule mfuko wa hewa tu, na Stefano anayesoma Baba Yetu kwa midomo bila sauti.

"Mbona halii?" aliuliza Mwaisha.

"Grace anamsaidia kupumua," nikasema.

Grace alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu. Akapuliza tena. Akasikiliza tena. Aliinua uso akanitazama, na nikajua. Nilitikisa kichwa kumwambia endelea, hata hivyo endelea, naye akaendelea, machozi yanamdondokea juu ya mikono.

"Dokta," alisema Mwaisha nyuma ya kitambaa. Sauti yake haikuwa na wasiwasi. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekumbuka kitu ambacho sisi tumekisahau. "Kwani yule hukumpiga pasi?"

Sindano ilinisimama mkononi.

"Nimewasikia kule barazani," aliendelea. "Wanasema umempiga mara tatu. Wanakushukuru. Yule alikuja amekufa kabisa, dokta, na ukampiga. Huyu wangu ndiyo kwanza anatoka, bado wa moto."

Stefano aliangalia sakafu. Nilifungua mdomo nimwambie, Mwaisha, hakuna pasi, yale yalikuwa maigizo, zilikuwa trei za mikasi. Na angeniuliza, kama yeyote angeuliza, kwa nini? Ulimdanganyia nani? Ulikuwa unamfanyia nani maigizo wakati mwanangu anachoka? Jibu lake lilikuwa limelala ng'ambo ya baraza, chini ya shuka, na yeye bado anamsubiri aingie mlangoni. Vidole vyangu vilikuwa ndani ya tumbo lake, uzi umeshikilia nusu ya kidonda. Nilifunga mdomo. Nikavuta uzi, nikachoma tena.

"Mpige na wangu, dokta," alisema Mwaisha. "Sitaogopa."

Akageuzia uso ukutani ili asiuone umeme, akafumba macho, akangoja.